Mikindani, pale tela la mita 22 linapopita mlangoni

Ukitoka Mtwara mjini kuelekea Lindi, baada ya kilomita kumi hivi barabara inateremka na ghuba ya Mikindani inajitokeza upande wa kulia. Maji yakijaa, madau yanaelea karibu kabisa na makazi. Yakikupwa, akina mama na watoto wanaingia kwenye tope kuokota kombe. Upande wa kushoto ndiko uliko mji wa kale, wenye nyumba za mawe ya matumbawe ambazo nyingine zimebaki kuta tu, milango ya kuchongwa, misikiti, na juu kilimani Boma jeupe lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, ambalo leo ni hoteli. David Livingstone alifika hapa mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho barani Afrika.

Katikati ya bahari na nyumba hizo inapita barabara moja. Wageni huiona kama barabara ya kupigia picha za machweo. Kwa watu wa kusini ndiyo njia kuu, maana karibu kila kinachoingia na kutoka Bandari ya Mtwara kwa gari kinapita hapa.

Asubuhi barabara hiyo ina wanafunzi waliovaa sare, muuza samaki na baiskeli yake, bajaji, bodaboda zilizobeba abiria wawili wawili, na mama aliyembeba mtoto mgongoni huku mkubwa amemshika mkono. Kisha linakuja lori la makaa ya mawe kutoka Ngaka, wilayani Mbinga, au la saruji kutoka kiwanda cha Dangote kilichopo Msijute, au la korosho ikiwa ni msimu. Mazungumzo yanasimama. Waliokuwa kwenye ukingo wa lami wanasogea mchangani, muuza samaki anaegemeza baiskeli ukutani, na mama anamvuta mtoto.

"Angalia gari!" Ndivyo wazazi wote wanavyosema. Tatizo ni kwamba neno gari ni dogo mno kwa kinachopita. Bajaji ni gari na IST ni gari. Lori lenye tela nalo tunaliita gari, ingawa halikati kona kama magari mengine na dereva wake haoni wanachoona madereva wengine. Mtoto aliyefundishwa kuogopa "gari" hajafundishwa namna ya kujikinga na tela.

Kuna sababu ya kihistoria ya malori haya kuwa mengi. Bandari ya Mtwara, yenye kina kirefu cha asili, ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kusitishwa mwaka 1951. Ilijengwa pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga hazikustawi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Bandari ikabaki bila reli. Mpango wa reli mpya hadi Mbamba Bay umezungumzwa kwa miaka mingi, lakini hadi leo mzigo wa kusini unakwenda kwa matairi. Bandari imeongezewa gati jipya la mita 300. Barabara ya Mikindani iko palepale, baina ya maji na kuta za matumbawe.

Sheria inaruhusu tela liwe na ukubwa gani? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya kudhibiti uzito wa magari mwaka 2016, na Tanzania ikaanza kuitumia mwaka 2019. Gari na mzigo wake visizidi tani 56. Ekseli ya mbele, ile ya usukani, isizidi tani 8. Ekseli moja yenye matairi manne mwisho wake ni tani 10, na ekseli tatu zilizofuatana tani 24. Kwa umbo, upana usizidi mita 2.65, na urefu wa lori pamoja na tela lake usizidi mita 22. Kimo nacho kina mwisho wake, mita nne na ushei.

Sasa chukua kamba ya kupimia, au hesabu kwa hatua. Barabara nyingi za lami za mikoani zimesanifiwa kwa upana wa mita 6.5 kwa njia zote mbili. Malori mawili yakipishana, kila moja likiwa na upana halali wa mita 2.65, yanachukua mita 5.3. Inabaki mita 1.2, ambayo ni nafasi ya katikati baina yao pamoja na nafasi ya kingo zote mbili. Ukiigawa sawa, kila upande unapata sentimita 40, na hapo vioo vya pembeni havijahesabiwa. Hakuna dereva aliyevunja sheria katika hesabu hiyo. Wote wawili wana vibali na mzigo wao umepimwa. Lakini mtoto anayetembea kwenye ukingo wa lami hana pa kukaa.

Ndiyo maana pale ambapo barabara haina bega pana, ushauri wa "tembea pembeni" hautoshi. Mtoto atembee upande wa kulia, akiyatazama magari yanayokuja kwake, kwa sababu nchini kwetu magari yanapita kushoto. Akiona malori mawili yanakaribia kupishana mbele yake, atoke kwenye lami kabisa na asimame mpaka yapite. Kukimbia ili awahi kupita kabla hayajakutana ni hatari, na watoto wengi hupenda kufanya hivyo.

Uzito nao una hadithi yake, na hadithi hiyo inaishia kwenye mashimo. Wamarekani walifanya majaribio makubwa ya barabara huko Illinois kati ya mwaka 1958 na 1960, wakiendesha malori usiku na mchana juu ya lami za unene tofauti. Waligundua kuwa madhara kwa lami hayapandi sawasawa na uzito wa ekseli. Yanapanda kwa kasi kubwa zaidi, takriban uzito uliojizidisha mara nne. Ekseli inayotakiwa kubeba tani 10 ikibeba 12, mzigo umeongezeka kwa asilimia 20 tu, lakini lami inaumia karibu maradufu. Mwenye mzigo amepata faida ya tani mbili. Wanaoishi kando ya barabara wanapata shimo, na dereva anayefuata analikwepa shimo hilo kwa kuhamia upande ambao watoto wanatembea.

Mizani za TANROADS zipo kwa ajili hiyo. Dereva hupima gari zima na kila kundi la ekseli peke yake, kwa hiyo lori linaweza kuwa ndani ya tani 56 na bado likakamatwa kwa sababu mzigo umerundikwa nyuma au mbele. Hapo utaona matingo wakipanda juu kuhamisha mifuko, jua la Mtwara likiwachoma mgongoni. Kazi hiyo ingefanywa ghalani ingechukua nusu saa.

Lakini si kila mzigo unavunja sheria kwa uzito. Mfuko wa saruji una kilo 50, na mifuko 600 ni tani 30 ingawa haijazi tela hata nusu ya kimo. Saruji humaliza tani kabla ya kumaliza nafasi. Magunia ya korosho huchukua nafasi zaidi, kwa hiyo jicho la askari huenda juu, kwenye kimo na turubai. Magari yanayobebwa juu ya tela ndiyo kinyume kabisa cha saruji. IST moja ina uzito wa tani moja hivi, na Noah tani moja na nusu. Pakia IST nane na hujafika hata tani kumi. Tela la kubeba magari humaliza urefu na kimo kabla mizani haijasema lolote.

Matela hayo ya ghorofa mbili hayaonekani mara nyingi kusini. Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani hushushwa Bandari ya Dar es Salaam, na mtu wa Mtwara aliyenunua la kwake ama hulifuata mwenyewe au humtuma dereva aliendeshe kilomita 560 hivi hadi nyumbani. Baada ya Kimbunga Hidaya, mapema Mei 2024, wapo waliotamani wangetumia njia nyingine, kwani mvua zilikata barabara eneo la Somanga na mabasi, malori na magari binafsi yakakwama pamoja. Hata hivyo matela ya magari yanakuja, pamoja na yale ya chini yanayobeba tingatinga na magari yaliyoharibika. Familia inayolipia gari lipakiwe ina haki ya kujua linavyopakiwa.

Gari refu kwa kimo, kama Land Cruiser au Hiace, hukaa ghorofa ya chini. La juu liwe fupi, na kipimo cha kimo kichukuliwe baada ya kupakia, kuanzia ardhini hadi paa la gari la juu kabisa, antena na keria zikiwemo. Mizito ikae karibu na ekseli, isikae mkiani. Mkanda wa kufungia hupitishwa kwenye matairi, na kila gari hufungwa magurudumu yote manne. Mkanda unaofungwa kwenye bodi hulegea, kwa sababu springi za gari zinapanda na kushuka kila tela linapokutana na tuta. Handibreki ivutwe na gia iwekwe. Baada ya kilomita chache za kwanza dereva asimame, azunguke tela na kukaza mikanda upya, maana mkanda mpya hunyooka. Gari la nyuma likitokeza nje ya tela, urefu unahesabiwa mpaka linapoishia gari hilo, haujalishi tela lenyewe linaishia wapi. Wapakiaji wengi hupimana ubishi na askari hapo.

Jambo moja zaidi kwa wazazi, hata kama hawana mpango wa kununua gari. Ndani ya gari lililopakiwa juu ya tela hapandi mtu. Lifti ya aina hiyo huonekana tamu kwa kijana anayerudi nyumbani kwa sikukuu, kwa sababu ina kiti laini na ni ya bure. Lakini tawi la mwembe au waya wa umeme uliolegea ukigusa gari la juu, aliyeko ndani hana pa kukimbilia, na dereva hajui kama kuna mtu kule juu.

Mizigo isiyogawanyika, kama transfoma kubwa au mtambo unaozidi vipimo, huhitaji kibali maalumu kabla ya kuingia barabarani. Husafiri ikiwa na bendera na gari la kusindikiza. Ukiliona gari la kusindikiza limewasha taa, usimruhusu mtoto avuke baada ya hilo kupita, kwa sababu mzigo wenyewe bado unakuja nyuma.

Kwenye kona ndiko watoto wanakoumizwa na magari makubwa, hata yale yanayokwenda polepole.

Lori lenye tela likikata kona, matairi ya nyuma hayapiti pale yalipopita ya mbele. Yanakata ndani zaidi. Dereva mzuri anajua hilo, kwa hiyo akitaka kuingia kushoto hupeleka kichwa kulia kwanza, kama vile anakwenda moja kwa moja, kisha anakunja. Kwa mtoto aliyesimama kwenye pembe ya njia panda, lori linaonekana limeshapita, kwani kichwa kimepita mita nzima mbele yake. Anasogea mbele ili avuke. Wakati huo ubavu wa tela unakuja juu ya pale aliposimama, na dereva, ambaye kichwa chake kimeshageuka, haoni chochote upande huo. Kioo chake kinatazama kwingine kabisa.

Mkia nao una tabia yake. Tela lenye sehemu ndefu inayotokeza nyuma ya matairi ya mwisho, kama yalivyo mengi ya kubeba magari, likikunja kushoto mkia wake unachomoka kulia. Bodaboda iliyojipenyeza ubavuni inapigwa na kitu ambacho sekunde moja kabla hakikuwepo.

Mbele ya kichwa cha lori pia kuna eneo ambalo dereva haoni. Mtoto wa darasa la kwanza akisimama karibu na bampa anakuwa chini ya kioo. Lori lililosimama dukani kwa ajili ya soda si ukuta wa kujificha jua, na chini ya tela si mahali pa kuokota mpira. Kudandia nyuma ya tela linalopanda mlima ni mchezo wa zamani, na wazee wengi wa Mtwara waliucheza utotoni. Waliobaki wakiusimulia ni wale ambao mikono yao haikuteleza.

Kuna kipimo rahisi cha kumfundishia mtoto. Mwambie hivi: kama huuoni uso wa dereva, yeye hakuoni. Na kwenye njia panda, arudi nyuma hatua tano za mtu mzima kutoka kwenye pembe, na asivuke mpaka aione namba ya usajili ya nyuma ya tela.

Mwendo ni suala jingine. Kwenye makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na nje ya makazi malori hayaruhusiwi kuzidi 80. Kwa mwendo wa 50, dereva akimwona mtoto na kuchukua sekunde moja na nusu kufikiri na kuinua mguu, gari limeshasogea mita 21. Huo ni karibu urefu wa tela lote, na breki bado haijaguswa. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Kwa mzazi anayemchanja mtoto kila tarehe ikifika na kumlaza chini ya chandarua kila usiku, hii ni hatari ambayo haina sindano.

Ajali ikitokea, piga 112 kwa polisi au 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Majeruhi aliyegongwa asiinuliwe kwa kushikwa mikono na miguu na kutupwa kwenye bajaji. Shingo na mgongo vishikwe vinyooke, na damu inayotoka ibanwe kwa kitambaa safi na mkono uliotulia. Mikindani ina bahati kwa hilo, kwani Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ipo Mitengo, jirani tu, na Ligula ipo mjini. Kwa anayeishi Mahurunga, safari ya kufika huko ni ndefu.

Na Mahurunga ndiko barabara nyingine inakoelekea, upande wa kusini wa mji. Magari makubwa yanapungua. Njia moja inakwenda Madimba, kwenye mitambo ya kuchakata gesi asilia, kisha Msimbati, ambako mchanga ni mweupe na upepo wa kusi haukatiki. Hapo ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Njia nyingine inapita kwenye mikorosho na minazi hadi Kilambo, ukingoni mwa Ruvuma. Ng'ambo ni Msumbiji.

Kilambo haina foleni ya matela. Malori ya mizigo mizito ya kwenda Msumbiji yana Daraja la Umoja, lenye mita 720, lililofunguliwa Mei 2010 huko Mtambaswala wilayani Nanyumbu, mbali sana juu ya mto. Na tangu mapigano ya Cabo Delgado yaanze mwaka 2017, safari za kawaida za ng'ambo zimepungua. Lakini mto bado una mitumbwi na bado una habari za pantoni, na mto wenyewe ndio unaopanga ratiba. Karibu na bahari Ruvuma ni mpana na hauna kina, mafungu ya mchanga yanahama, na chombo kizito husubiri maji yajae.

Kupakia gari kwenye pantoni kunafuata kanuni zilezile za tela, ila adhabu yake ni maji. Uzito ukae katikati. Gari zito liingie kwanza, na lingine lisogezwe kulikaribia bila kuligusa. Handibreki, gia, na jiwe au gogo chini ya gurudumu. Idadi ya watu iliyoandikwa ubavuni ndiyo mwisho. Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Kilipopinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, waliokufa peke yao walikuwa 228.

Kwa hiyo kwenye gati la mto, kabla gari halijagusa ubao wa kupandia, abiria wote hushuka. Mtoto aliyelala huamshwa na kubebwa. Dereva anabaki peke yake kwenye usukani, madirisha yakiwa wazi, na mtu mmoja tu mbele yake ndiye anayetoa ishara: njoo, njoo, kata kulia kidogo, basi. Abiria hupanda kwa miguu baada ya gari kufungwa, na husimama mbali na magurudumu. Anayekataa kushuka kwa sababu ya mvua au kwa sababu amembeba mtoto mchanga huambiwa asubiri zamu ijayo, na zamu ijayo inaweza kuwa maji yakijaa tena.